Dolika na Wapimaji wa Kusoma

Kusoma kwa Dolika kulikuwa kama gauni la Krismasi la utotoni. Lilikuwa lake kweli, lakini halikumtosha tena. Alifika darasa la nne. Mwaka huo mbaazi zilizaa mpaka matawi yakainama, mama yake akamwambia abaki nyumbani wavune, na mavuno yalipokwisha hakuna aliyemkataza kurudi shule, wala hakuna aliyemwambia arudi. Akakaa. Akaolewa. Mumewe alikuja kuishi kwao Dolika, kama waume wa huku chini ya Mlima Mulanje wanavyokuja, akajenga nyumba ya matofali mabichi, akazaa naye mabinti wawili, kisha akagombana na kaka mkubwa wa Dolika juu ya shamba, akaenda zake Afrika Kusini kutafuta kazi. Mwanzo alituma salamu. Baadaye hata salamu zikawa mzigo mzito kwa wanaorudi.

Kilichobaki cha shule ya Dolika kilikuwa herufi tu. Alisoma kila kilichompitia machoni: mfuko wa mbolea, karatasi ya sabuni, ukuta wa kanisa, kitenge cha mwanamke aliyemtangulia njiani. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na mtu akitokea alijifanya anatafuna.

Falesi, binti yake mkubwa, alipoingia darasa la kwanza, Dolika alikwenda kuchungulia dirishani. Watoto walijaa sakafuni kama mbaazi ndani ya gunia. Mwalimu Nasiyaya aliandika sentensi ubaoni, akaigonga kwa fimbo, na darasa zima likaiimba. Akaigonga tena, wakaiimba tena. Dolika hakusikiliza sauti, alitazama macho. Zione, mtoto wa jirani yake Esnati, aliimba kwa nguvu kuliko wote huku anaangalia kuku waliokuwa wanapigana nje. Na hakukosa neno hata moja.

Dolika akaondoka dirishani. Yeye ni nani wa kumsema mwalimu? Lakini alipofika nyumbani alichukua ungo, akamwaga kiganja cha mbaazi kavu, akazipanga zikawa herufi. Akashika kidole cha Falesi, akakipitisha juu ya punje, mpaka mtoto akaitoa sauti yake. Kisha akatikisa ungo, herufi ikafa.

"Ipange wewe."

Falesi akipanga vibaya, ungo ulitikiswa. Akipanga vizuri, ulitikiswa pia, maana herufi iliyokaa ungoni si yako, yako ni ile iliyokaa kichwani. Hakumsifu, kwa sababu mtoto akisifiwa machoni huharibika. Lakini siku Falesi alipounganisha herufi zikawa "mama", Dolika alijifanya moshi umemwingia, akatoka nje, akakaa huko mpaka sima ikaungua.

Kulikuwa na jambo jingine alilomfunza mtoto huyo, na hilo alilifunza kwa mwiko. Huku mtoto hataji jina la mzazi wake. La mjomba ndiyo kabisa. Mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Mjomba ndiye husema aolewe wapi, alime wapi, asome au asisome. Falesi alipokuwa mdogo wa kutambaa na kusimama, aliwasikia wakubwa wakiita "Maliko", naye akaita "Maliko", kwa furaha, kama mtoto anavyoita ndege. Dolika alikuwa anasonga sima. Alimpiga kwa mwiko mdomoni, sima ya moto ikiwa bado imeushika. Likabaki kovu dogo kwenye mdomo wa juu, la rangi ya ndani ya ganda la mbaazi, na tangu siku hiyo jina lile halikupita tena hapo.

Maliko huyo alikuwa kaka mkubwa wa Dolika, mkubwa wa ukoo na mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa na mwili na alikuwa na sauti. Tena alikuwa na mazoea ya kupita nyumba za dada zake pale moshi unapopungua jikoni, ule wakati ambao kila mwenye nyumba anajua chungu kimeiva. Hakubisha hodi. Alifunua chungu kwanza, kisha akasalimu.

Siku moja alifunua chungu cha Dolika, akakaa, akala. Falesi alipiga magoti akamnawisha mikono, macho chini. Maliko akamtazama kama mtu anayetazama mbuzi sokoni.

"Dolika."

"Naam, kaka."

"Mtoto wako huyu ana umri gani sasa?"

"Yuko darasa la pili, kaka."

"Nimeuliza umri, unanijibu darasa." Akamega sima. "Binti yangu wa mjini Limbe amelemewa. Pacha, mmoja analia, mwingine anaharisha. Nimemwambia nitampelekea msichana kutoka nyumbani, si wa kuokota."

Dolika alihisi mikono yake imekosa kazi. Akampakata Triza, mtoto wake wa pili, ingawa Triza hakuwa analia.

"Bado mdogo, kaka. Na anasoma."

"Anasoma? Kasema nani?"

Esnati alikuwa amekuja kuomba moto, na moto ameshapewa, ila hakuwa na haraka. Akacheka. "Wote wanasoma, mwenyekiti. Zione wangu anasoma kitabu kizima kikiwa kimefungwa."

"Huyu anasoma kweli," Dolika akasema. Akaona aibu kwa namna alivyolisema, kama mtu anayesifu mapishi yake mwenyewe.

Maliko akalamba vidole. Kisha akatabasamu, na Dolika alikuwa anamjua tangu utoto: alipotabasamu hivyo ndipo alipokuwa anavunja miguu ya panzi.

"Basi tusigombane. Kuna wapimaji wanakuja, watu wa chuo kutoka Zomba. Kazi yao ni kupima watoto wanasomaje. Wakimpima huyu akasoma, abaki shule mpaka aote mvi. Asiposoma, anapanda basi kwenda Limbe, na wewe usinililie. Esnati, umesikia?"

"Nimesikia, mwenyekiti. Nami masikio yangu hayasahau."

"Na kama hawatampima yeye?" Dolika akauliza.

"Mwenyekiti ni nani?" Maliko akasema, akainuka. Chungu alikiacha wazi.

Kuanzia hapo ungo haukutulia. Mbaazi zilipangwa maneno, baadaye maneno yakafuatana. Falesi alisoma karatasi ya sabuni yote, hata pale palipokatazwa mtoto kuila. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini alivuka. Dolika akaanza kupata usingizi. Asubuhi ya wapimaji alimwogesha, akampaka mafuta mpaka masikioni, akamwonya kama mama yeyote angeonya: "Wageni wale ni wakubwa wako. Piga magoti. Usiwakodolee macho. Usipayuke. Ukizungumza, funika mdomo."

Wageni walikuja na pikipiki. Aliyekuwa anawapima watoto wa darasa la pili alikuwa msichana wa kaskazini, wa Mzuzu, jina lake Tawonga, mpole, mwenye suruali. Kabla ya kuanza waliwakusanya wazazi wakawaeleza. Huu si mtihani, walisema. Hakuna atakayefaulu wala kufeli. Jina la mtoto haliandikwi. Tunapima jinsi watoto wanavyofundishwa, hatumpimi mtoto wako. Watu wakapiga makofi, maana wageni hupigiwa makofi.

Maliko akamwinamia jirani yake. "Mizani isiyompima mtu, inapima upepo?"

Watoto walipangwa mstari, wakawa wanatolewa kwa kuhesabiwa. Maliko alisimama karibu na mstari, anawanyoosha mabega. Kama ni bahati iliyomtoa Falesi au ni mkono wa mwenyekiti uliomsogeza, hakuna ajuaye. Alitolewa.

Akina mama wa kamati walikuwa jikoni nyuma ya darasa wakiwapikia wageni kuku. Jiko lile halina ukuta upande mmoja, na Dolika alijichagulia kazi ya kuchochea ili akae upande huo. Tawonga aliweka meza chini ya paa la baraza. Mbele yake, hatua chache tu, wanakamati walikaa juu ya kijiukuta, eti wanalinda pikipiki. Maliko alikuwa katikati, mikono juu ya tumbo.

Zione aliitwa kwanza. Alikaa kitini miguu ikining'inia, akaishika karatasi, akasoma kwa sauti ya kuuzia samaki. Alichosoma hakikuwa kwenye karatasi. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha darasani, wa ng'ombe na maziwa, anaoujua kwa moyo tangu mwaka uliopita. Tawonga alimwacha amalize, akasema asante. Kwenye kijiukuta watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Esnati, aliyekuwa ananyonyoa shingo ya kuku, akasema, "Mmemsikia? Na hapo ana mafua."

Kisha Falesi. Hakukaa kitini. Angekaaje sawa na mgeni? Alipiga magoti chini, kichwa kikawa sawa na meza. Tawonga akamwinua, akamkalisha. Mgeni alipogeuka kuchukua karatasi, mtoto akashuka tena. Mwishowe Tawonga akamwacha, akamwekea karatasi ukingoni mwa meza. Ya kwanza ilikuwa ya herufi. Falesi akaweka kiganja mdomoni, akazisoma. Tawonga aliinamisha sikio akawa anamsikia, akawa anatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini kutoka kwenye kijiukuta kilichoonekana ni mtoto aliyeziba mdomo.

"Kameza ulimi?" Maliko akauliza kwa sauti, na wenzake wakacheka.

Dolika alichochea moto usiohitaji kuchochewa. Sema, mwanangu, alisema moyoni. Sema hata kwa kunong'ona.

Karatasi ya pili ilikuwa hadithi. Tawonga akabonyeza saa. Dakika moja ndiyo wanayompa mtoto. Dolika akaona kidole cha Falesi kikienda kwenye neno la kwanza, kikasimama. Akaona mabega ya mtoto yakipanda. Akaona kichwa kikigeuka, kidogo tu, kuelekea kijiukuta, kisha kikarudi chini haraka kama kilichoungua. Tawonga akangoja, akasogeza kidole kwenye neno la pili. Hakuna. La tatu. Hakuna. Msichana wa watu akafanya walivyomwagiza: asipotoka mtoto na neno lolote mstari wa kwanza, saa inasimamishwa, karatasi inaondolewa, anaambiwa umefanya vizuri sana. Akampa penseli. Falesi akaipokea kwa mikono miwili.

Kuku aliiva. Wageni wakala, Maliko akala nao, akajaziwa sahani tena.

Njiani kurudi nyumbani Dolika alitangulia kwa hatua ndefu. Alipofika alifunga mlango, akamshika Falesi mabega.

"Umesahau?"

"Hapana, mama."

"Uliogopa?"

"Hapana."

"Sasa ni nini kilichokuziba? Karatasi ilikuwa na miiba?"

Falesi alitazama sakafu. Akagusa kovu lake, kama alivyozoea akiwa na jambo. "Ilikuwa na jina la mjomba."

"Jina gani la mjomba?"

Mtoto hakulitaja hata hapo. Akachukua ungo, akapanga mbaazi, herufi kwa herufi, bila kukosea, akamsogezea mama yake. Kisha akaendelea kupanga, maana mwanzo wa hadithi aliusoma kwa macho alipokuwa amenyamaza. Maliko ni mlafi. Kila siku Maliko hula chakula cha wadogo zake. Siku moja Maliko alikula mandazi ya bibi, tumbo likamvimba.

"Naye alikuwa amekaa pale, mama," Falesi akasema. "Ananitazama."

Dolika alikaa chini. Alitaka kucheka, akajizuia. Akamvuta mtoto kifuani. Hakuwa na la kumkosoa. Mtoto alifanya lile alilofunzwa kwa mwiko.

Angeweza kwenda kwa Maliko jioni hiyo hiyo, akaeleza. Alijipa mpaka kesho yake. Na kesho yake ikaharibika, kwa sababu Mwalimu Nasiyaya naye alikuwa ameinakili hadithi kichwani. Kila mwalimu hufanya hivyo wapimaji wakiondoka: mwaka ujao watarudi, heri watoto wawe tayari. Akaiandika ubaoni yote, akaigonga kwa fimbo, na darasa likaiimba. Maliko ni mlafi. Tena. Maliko ni mlafi. Ikaimbwa mpaka madarasa ya jirani yakaishika. Watoto hawa nao walikuwa wamefunzwa kama Falesi, lakini Maliko hakuwa mjomba wa wengi wao, na ubao si mdomo wa mtu. Kufika saa ya kutoka walikuwa wanaruka kamba kwa wimbo huo. Mwenyekiti alipopita njiani na baiskeli yake, vichaka viliimba.

Kwa hiyo Dolika alipokwenda, alimkuta kaka yake amekaa barazani uso umekunjamana, na Esnati yuko pale, anapepeta unga wa mke wa Maliko na kusikiliza. Dolika akapiga magoti. Falesi nyuma yake akapiga magoti. Triza akapiga magoti kwa kuiga.

"Nimekuja kueleza, kaka. Mtoto anasoma. Alinyamaza kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

"Yako, kaka. Karatasi ya wageni ilikuwa na jina lako. Na maneno yake hayakuwa mazuri."

Esnati aliinamia ungo wake, mabega yakitikisika.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkata ulimi," Maliko akasema. "Mimi, nikiwa nimekaa kwenye ukuta wangu. Hadithi yenyewe naijua. Nani asiyeijua? Hata jogoo wangu anaiwika. Ukimwambia aisome sasa, ataisoma, kwani imebaki nani asiyeisoma?"

"Mpe kitu kingine asome. Chochote."

Ilikuwa ni mara ya kwanza katika maisha yake Dolika kumwambia kaka yake afanye nini. Maliko akainuka. Akaingia ndani, akatoka na Biblia, akaifungua katikati bila kuchagua, akakandamiza ukucha kwenye mstari.

"Hapa."

Falesi akatazama mama yake. Dolika akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akaanza. Kiganja kilikwenda mdomoni, kisha akakumbuka jinsi kilivyomponza, akakishusha. Akasoma silabi kwa silabi, akikwama na kurudi, jasho likimtoka puani. Mstari ulisema juu ya mtu aliyechimba shimo akatumbukia mwenyewe. Akaumaliza. Akaendelea na uliofuata bila kuambiwa, na wa tatu, sauti ikazidi kunyooka. Esnati aliacha kupepeta. Mke wa Maliko alitokeza kichwa jikoni.

Maliko akafunga Biblia taratibu.

"Anasoma," akasema.

Dolika aliweka viganja chini. Aliinamisha kichwa kushukuru.

"Kweli anasoma. Nimeona kwa macho yangu, sina ubishi." Maliko akageuka kwa Esnati. "Mtu huenda shule kufuata nini?"

"Kusoma, mwenyekiti."

"Na aliyekwisha kujua, anafuata nini tena? Anakwenda kuwajazia wenzake nafasi sakafuni." Akamrudia Dolika, na lile tabasamu likiwa mahali pake. "Hongera, dada yangu. Binti yangu Limbe atafurahi. Wale pacha wana chupa za dawa, moja ya kunywa, moja ya kupaka, na msichana aliyetangulia alizichanganya. Huyu hatachanganya. Anakwenda Jumamosi."

"Kaka, ulisema..."

"Nilisema wapimaji waseme. Wapimaji walisema nini? Niambie wewe, ulikuwa unachochea moto pale." Akamwegemea, akateremsha sauti ikawa karibu ya upole. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Dolika. Wako umemfunza vizuri sana. Hana kasoro. Ndiyo maana ninamchukua yeye, simchukui yule wa Esnati."

Esnati alicheka kwanza, akafikiri, kisha akaacha kucheka.

Jumamosi Falesi aliondoka na gauni la shule, kwa kuwa ndilo lililokuwa zima. Basi lilipokuja lilikuwa limeandikwa jina refu kifuani. Falesi alilisoma kimya, midomo ikicheza, na konda alipomtazama alijifanya anatafuna. Dolika aliliona hilo. Hakujua kama mtoto aliliiga kwake au lilikuwa katika damu.

Alirudi mara moja tu, Krismasi, na mmoja wa pacha mgongoni. Alikuwa amerefuka na kukonda, vidole vimechubuka kwa sabuni. Aliwasalimu wote kwa adabu nzuri, wazee wakamsifu. Dolika alingoja watu waishe, akatoa ungo, akamwaga kiganja cha mbaazi mbele yake. Falesi akazitazama. Kisha mikono yake ikaanza yenyewe, haraka, kazi ya mikono iliyozoea. Alikuwa anachambua mawe.

"Za kupika saa hizi, mama?" akauliza.

"Ndiyo," Dolika akasema. "Za kupika."

Mwaka uliofuata wapimaji walirudi. Kuku akachinjwa, akina mama wakapika. Darasa la pili lote lilikuwa linaijua hadithi ya mlafi mbele na nyuma, lakini wageni walikuja na hadithi nyingine, ya jina jingine, na darasa likabaki limekodoa macho. Mwalimu Nasiyaya alijipangusa uso kwa kifutio cha ubao, akabaki mweupe nusu. Hakuna aliyemwambia.

Dolika alimpelekea Tawonga maji ya kunawa. Akapiga magoti, akammiminia polepole ili yasiishe upesi.

"Dada," akasema, "mwaka jana kuna mtoto alikataa kiti. Kwenye hadithi hakusema neno. Mliandika nini?"

Tawonga alijitahidi kukumbuka, ilionekana usoni kwamba anajitahidi kweli. "Watoto ni wengi, mama. Aliyenyamaza huandikiwa sifuri. Lakini usiwe na wasiwasi. Jina lake halikuandikwa popote."

"Na zile hadithi, nani hutunga?"

"Wapo wataalamu. Wanachagua majina ya kawaida, yale ambayo mtoto yeyote anayajua."

"Ndiyo," Dolika akasema. "Alilijua."

Tawonga akangoja aendelee. Dolika alimpa kitambaa afute mikono, akaondoka na beseni.

Nyumbani Triza alikuwa anacheza na Zione uani. Mwakani Triza ataingia darasa la kwanza, na tayari herufi nyingi alikuwa anazitambua kwenye ungo, kwa kumchungulia dada yake zamani hizo. Dolika alimwita ndani. Akamwaga mbaazi. Akapanga neno moja, refu kidogo, akalisogeza.

"Soma."

Triza akapitisha kidole. Midomo ikacheza. Alifika mwisho, na Dolika akaona kabisa kwamba amefika, macho yalipanuka. Kisha mtoto akafunga mdomo.

"Soma, nimesema."

"Mama."

"Hapo hapajaandikwa mama."

Triza akaanza kurudi nyuma kwa makalio. Dolika akanyoosha mkono nyuma yake bila kutazama, akachukua mwiko. Ni mwiko ule ule, mzee sasa, umeungua ncha. Mtoto alipouona aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Toa mikono."

Triza alitoa mikono. Machozi yalikuwa yameanza.

"Do-li-ka," akanong'ona, na papo hapo akainamisha kichwa, akingoja pigo.

Uani Zione aliacha kuruka kamba. Esnati, upande wa pili wa ua, akainua kichwa.

Dolika aliushika mwiko juu ya mdomo wa mwanawe.

"Tena," akasema. "Kwa sauti. Wasikie mpaka kwa mjomba wako."